Naomba ushauri: nimhoji vipi mtafiti wa usugu wa dawa?

Habari zenu wakuu. Wiki ijayo nimepewa nusu saa na mtafiti wa bakteria wanaohimili antibiotiki. Mimi ni mwandishi tu, maabara naisikia. Mara ya mwisho nilimhoji mwanasayansi mwingine nikatoka na kurasa nne za istilahi ambazo mwenyewe sikuzielewa.

Msingi ninao kidogo: Alexander Fleming aligundua antibiotiki ya penisilini mwaka 1928, na alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kuwa dozi pungufu huwazoesha vijidudu dawa. Najua pia bakteria hupeana jeni za usugu, hata wa spishi tofauti, kama majirani wanaoazimana jembe (ila hawa hawarudishi).

Kinachonishinda ni kumuuliza "una uhakika kiasi gani?" bila kuonekana namtilia shaka. Dawa kuua bakteria kwenye kisahani cha maabara si sawa na kumponya mgonjwa, na hapo ndipo sisi waandishi huwapotosha wasomaji.

Je, nimtumie maswali mapema? Na akikataa kurekodiwa? Wenye uzoefu naomba mbinu, hata za kwenye PM (ujumbe wa faragha).