Rubani wa vita mwenye nishani akaishia kusomesha skuli ya msingi: wanafunzi wangu wanauliza kwa nini

Ticha_Wete

Assalamu alaykum wanajukwaa. Nasomesha fizikia skuli moja ya sekondari hapa Wete, na mwaka huu nimekabidhiwa na ushauri nasaha. Juzi niliwasimulia vijana wa kidato cha tatu maisha ya Alexander Jefferson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Detroit mwaka 1921. Alirusha ndege za kivita katika Vita Vikuu vya Pili, akatunguliwa Ufaransa, akawa mateka wa Wajerumani, akatunukiwa nishani. Baada ya vita akasomesha sayansi watoto wa skuli ya msingi mpaka akawa mwalimu mkuu msaidizi. Alifariki 2022 akiwa na miaka 100.

Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Ticha, kama alikuwa hodari hivyo, mbona hawakumpa ndege ya abiria?" Darasa zima likanikodolea macho. Nimemuahidi jibu Jumatatu. Kijana huyu mwenyewe anautaka urubani na hesabu zake ni nzuri sana, ila baba yake, mwenye mikarafuu yake huko Mtambwe, anamwambia kazi hiyo ni ya watoto wa wakubwa. Nikimjibu ovyo, nitakuwa nimempa baba haki. Nimwambie nini?

Mzee_Mkoani

Waalaykum salaam mwanangu. Mimi nilikuwa fundi wa ndege jeshini, Ngerengere. Nilipostaafu nikarudi Pemba na skuli moja ikaniomba nikae na vijana kwenye ushauri nasaha. Hadithi za watu kama Jefferson nimezisimulia sana, na swali la kijana wako ndilo swali lenyewe hasa.

Mwambie wazi: hawakumpa kwa sababu ya rangi yake. Usimzungushe, watoto wanajua wakizungushwa. Mwaka 1925 Chuo cha Vita cha Jeshi la Marekani kilitoa ripoti iliyodai kwamba mtu mweusi hana akili wala ushupavu wa kazi nzito za vita. Mafunzo ya marubani weusi yalipoanza Tuskegee, Alabama, mwaka 1941, yalianzishwa kwenye kikosi cha peke yao, na wengi wakingoja washindwe. Wakahitimu karibu marubani 1,000.

Jefferson, mmoja wao, akapelekwa Ramitelli, Italia, akirusha Mustang, ndege za kivita zile za mkia mwekundu. Tarehe 12 Agosti 1944 walitumwa kupiga vituo vya rada karibu na Toulon, kusini ya Ufaransa, maana siku tatu baadaye majeshi ya Washirika, yaani Marekani na wenzake, yalikuwa yatue pwani ile. Kazi ya namna hiyo hufanywa kwa kushuka chini sana, na ukishuka chini mizinga inakuona. Kombora likapenya sakafu ya chumba chake cha rubani, akaruka kwa mwavuli, akatua mikononi mwa Wajerumani. Aliwekwa kambi ya mateka ya Stalag Luft III, kisha ile ya Moosburg, hadi jeshi la Marekani lilipofika 29 Aprili 1945.

Sasa msikilizishe kijana hapa. Kambini Wajerumani walimchukulia kama ofisa, sawa na maofisa wenzake weupe. Meli ilipomfikisha New York, alipokuwa anateremka ngazi akakuta wanaelekezwa: weupe huku, weusi kule. Ndiyo nchi aliyoipigania. Kampuni ya ndege ya abiria angeipata wapi hapo?

Na hakuwa peke yake. Roscoe Brown, wa kikosi hicho hicho, tarehe 24 Machi 1945 aliangusha Me 262 njiani kwenda Berlin. Ile ni ndege ya jeti ya Wajerumani, inaipita Mustang kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, kwa hiyo huikamati kwa kuifukuza. Yeye alipinda akapita chini ya ndege za mabomu alizokuwa anazilinda, akatokea kwa chini, rubani wa jeti asimuone. Mimi niliyeshika injini maisha yangu yote nakwambia, ule ni uamuzi wa kichwa kilichotulia. Mtu huyo aliomba kazi kampuni ya abiria akakataliwa. Akaenda kusoma hadi udaktari wa falsafa, akasomesha chuo kikuu, na kuanzia 1977 mpaka 1993 akawa rais wa Bronx Community College, chuo cha watoto wa watu wa kawaida wa New York.

Mlango ule wa kampuni za abiria ulifunguliwa kwa kesi. Marlon Green, rubani wa jeshi la anga, aliomba kazi mwaka 1957 akanyimwa, akashitaki, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa haki 1963. Tokea Jefferson atoke kambini ni miaka 18.

Lakini usiishie hapo, maana watakuja kudhani ualimu kwake ulikuwa makombo. Kabla hajavaa sare alikuwa ameshamaliza Clark College, Atlanta, mwaka 1942, na masomo yake yalikuwa kemia na baiolojia. Sayansi ilikuwa yake tangu mwanzo. Na sare hakuivua: alibaki jeshi la akiba hadi 1969, akatoka na cheo cha luteni kanali, huku akisomesha. Skuli za Detroit aliziacha 1979, na hata baada ya hapo akaendelea kuzitembelea na kuzungumza na watoto. Mimi naona alizipenda kazi zote mbili kwa dhati, na mwanafunzi ana haki ya kulijua hilo pia.

Narusha_Kisauni

Mzee, shikamoo. Umeeleza vizuri mno.

Ticha, mimi narusha ndege ndogo, Unguja na Pemba karibu kila siku. Huyo kijana umpe na mambo ya leo. Fizikia, hesabu na Kiingereza, hivyo visiteleze. Leseni ya rubani wa biashara inataka umri wa miaka 18 na, kwa kawaida, saa 200 za kuruka, zinapungua hadi 150 ukisoma kozi moja iliyounganishwa chuo kilichoidhinishwa. Juu yake cheti cha afya cha daraja la kwanza.

Baba kuhusu pesa hajasema uongo. Masomo yote mpaka leseni yanapita milioni mia. Lakini anga haina rubani peke yake. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji Dar es Salaam kinafundisha ufundi wa ndege, na Chuo cha Usafiri wa Anga hapo hapo Dar kinafundisha waongoza ndege. Wapo wenzangu walioanza na spana, wakaweka akiba, ndipo wakaenda kuruka.

Binti_Chake

Ticha, darasani na wasichana wamo. Watajie Bessie Coleman, mwanamke mweusi wa Marekani. Skuli za urubani Marekani zilimkataa, akajifunza Kifaransa, akaenda Ufaransa, akapata leseni mwaka 1921.

Ticha_Wete

Ahsanteni sana, nyote. Mzee wangu, Jumatatu nitawaeleza vile vile, pamoja na ile ngazi ya meli. Ninalobaki nalo ni baba. Nimwite skuli?

Mzee_Mkoani

Usimwite, mwanangu. Akiitwa skuli atadhani mtoto ana makosa, atakuja ameshakasirika. Mwendee kwake baada ya laasiri, na uende na mwalimu mwanamume mtu mzima anayemjua. Msikilize kwanza: huenda amesomesha kaka wa huyu kijana na akaona hakupata kazi. Halafu ongea naye kuhusu fizikia ya mtoto, urubani uuweke mwisho, na hayo ya ufundi wa ndege na uongozaji yatangulie.

Kabla ya yote lakini, kijana akapimwe macho hospitali, na waulize hasa kama anatofautisha nyekundu na kijani. Mimi mwenyewe nilimlea kijana mmoja miaka mitatu na ndoto ya urubani, na jicho lake halikupimwa mpaka siku ya usaili. Ni kipimo cha dakika chache. Mfanyie wiki hii, kabla hujaenda kwa baba.