Bosi anataka nikatwe mshahara kwa makontena yaliyochelewa kurudi kutoka Lubumbashi, nisaini?

Kijana wa Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa nyie mlioko kwenye transiti na kliaringi, maana wiki hii hata usingizi sipati vizuri.

Mimi ni koodineta wa lojistiki kwenye kampuni moja ya malori hapa Dar, huu mwaka wa pili. Kazi yangu naanza meli ikishafunga gati mpaka kontena tupu linarudi depo, nafuatilia rilizi ya shipingi laini (ruhusa ya kampuni ya meli kuachia kontena), T1 ile hati ya forodha ya mzigo wa kupita nchi, napanga gari, napigia madereva, na mteja akiuliza saa 5 usiku mzigo uko wapi namjibu mimi. Kazi naipenda kwa kweli.

Sasa mwezi wa 3 tulipeleka makontena mawili ya futi 40 Lubumbashi, malori mawili. Laini ilitupa siku 30 bure tangu yatoke getini, zikipita hapo ditensheni, yaani faini ya kukaa na kontena lao, dola 40 kwa kila kontena kwa siku. Yamerudi siku ya 56. Yaani siku 26 za ziada mara mawili, dola 2,080. Laini imekataa kupokea matupu mpaka ilipwe, bosi kalipa, kesho yake kaniita ofisini kaniwekea barua mezani inasema nimekubali kwamba ni uzembe wangu na nitakatwa laki 3 kila mwezi mpaka deni liishe. Mshahara wangu ni 850,000, nalipa kodi ya nyumba na nina mdogo wangu namsomesha. Nimemuomba anipe mpaka Jumatatu.

Nisaini yaishe au nigome? Na nikigoma akinitimua nianzie wapi wakuu?

Mama Deklaresheni

Pole sana mdogo wangu. Kabla hatujaenda mbali hebu tuwekee hizo siku 56 zilikwendaje, moja moja. Kwenye hii kazi ukisema "yalichelewa" hujasema kitu, sema yalichelewa wapi na nani alikuwa ameyashika.

Kijana wa Tabata

Asante dada. Nimefungua eksel yangu hapa. Dar mpaka Tunduma siku 4 pamoja na mizani. Tunduma na Nakonde, mpakani na Zambia, siku 6. Zambia yote na foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa kuingia Kongo, siku 11. Lubumbashi kwa mteja siku 14 hayajashushwa, anasema nafasi godauni hakuna. Halafu siku 13 magari yamekaa kule kule kwa sababu bosi alisema tusubiri mzigo wa kopa (shaba) tupakie humo humo yasirudi matupu. Kopa yenyewe haikupatikana, yakarudi matupu hivyo hivyo siku 8.

Mama Deklaresheni

Sasa umeona mwenyewe? Siku 13 mara mawili mara 40 ni dola 1,040, nusu ya deni zima, na hizo ni amri ya bosi wako mwenyewe. Zile 14 ni za mteja, hata ukimpa siku 3 za kushusha kama kawaida bado 11 ni zake na alitakiwa aandikiwe invoisi ya kusubirisha gari tangu siku ya 4. Swali langu moja tu, hiyo amri ya kusubiri kopa alikupa kwa njia gani? Kwa mdomo au kuna maandishi?

Mkongwe wa Kurasini

Mimi nitasema tofauti kidogo na naomba usinielewe vibaya kijana, nakwambia kama mdogo wangu. Bosi kakosea lakini na wewe kuna sehemu ulilala. Mzigo wa Lubumbashi kwa siku 30 ni kubana sana, kila mtu mjini anajua Kasumbalesa inaweza kukushika wiki nzima bila kosa lolote. Siku za nyongeza zinaombwa KABLA meli haijafika, bukingi ikiwa bado mbichi, hapo laini bado inakuhitaji, sasa kontena likishakuwa Kongo nani atakuhurumia? Na kama laini imekataa, unakaa na mteja mnajadili kufungua kontena hapa hapa Dar, mzigo unapakiwa luzi, bila kontena, kwenye flatibedi chini ya turubai, kontena tupu linarudi depo ndani ya wiki. Gharama ya kufungua ipo na kuna mizigo haifai kufanyiwa hivyo, ila unapiga hesabu unalinganisha. Je, ulimpelekea bosi hiyo hesabu?

Halafu kwenye hiyo eksel weka kolamu ya tarehe ya mwisho ya kurudisha kontena, iwe nyekundu zikibaki siku 10. Zikifika 10 unaandika imeli, kwa bosi na kwa mteja, unataja namba ya kontena na kwamba kila siku itakayozidi ni dola ngapi. Simu haihesabiki. Mimi nimefanya hizi kazi tangu faili za makaratasi, kilichoniokoa miaka yote ni maandishi.

Kijana wa Tabata

Nimekuelewa kaka mkubwa, nyongeza sikuomba, hapo nakubali. Tahadhari nilitoa ila kwa simu na kwenye grupu la wasap, siku ya 22 na siku ya 27, nimeziona bado zipo.

Msoma Vifungu

Usisaini hiyo barua. Soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Mwajiri hawezi kukukata kufidia hasara kwa sababu tu kakasirika. Lazima hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, akupe kwa maandishi chanzo chake, kiasi na alivyokipigia hesabu, akupe nafasi ya kutosha ya kupinga, na wewe ukubali kwa maandishi. Makato hayaruhusiwi kuzidi hasara halisi, wala jumla yake kuzidi robo ya mshahara. Robo ya 850,000 ni 212,500, kwa hiyo hiyo laki 3 hata ungekuwa umekosa kweli bado imevuka.

Ndio maana anaitaka sana sahihi yako, ile karatasi ndio ushahidi wake wote. Mjibu kwa barua ya heshima kwamba umepokea, hukubaliani na maelezo, unaomba mchanganuo. Baki na kopi yenye mhuri wa mapokezi. Akikata kwa nguvu unaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mgogoro wa aina hiyo una siku 60. Akikuachisha kazi ni siku 30 tu, usije ukakaa nyumbani unasikilizia.

Mulushois

Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi, natumikaka ku depo. Ile ya mukubwa wa Kurasini ni kweli, motoka inafika lakini dokima (karatasi za muzigo) haziyaenea, FERI, ile karatasi ya Kongo ya kuingizia muzigo, iko na kosa, basi inalala. Ndugu, uliza mteja barua ya tarehe motoka iliingia kwake na tarehe ilishushwa. Depo zote ziko na kitabu ku mulango. Ile kitabu haisemake bongo, haidanganyake.

Mtu wa Mpemba

Huyo ndugu wa Lushi kaongea pointi kubwa. Ongeza na ripoti ya GPS ya hayo malori, itaonyesha gari ilizimwa wapi na siku ngapi. Kampuni nyingi wanayo, waombe watu wa trakingi kabla hawajaambiwa wasikupe.

Kuhusu kufukuzwa usiogope sana. Koodineta anayeijua njia ya Tunduma mpaka Kasumbalesa anatafutwa. Ila tafuta cheti mkononi, kuna ile kozi ya forodha na uwakala ya Afrika Mashariki, EACFFPC, au cheki NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo. Uzoefu wako na cheti hicho unaingia hata upande wa kliaringi.

Kijana wa Tabata

Wakuu Mungu awabariki. Nimekaa tangu saa 2 usiku nakagua wasap na nimeipata, ni voisi ya sekunde 19, bosi mwenyewe anasema "waambie madereva wasitoke huko bila kopa, mambo ya laini niachie mimi." Ina tarehe, siku ya 36 ile. Nimeitunza sehemu mbili. Mteja nimemuandikia imeli anitumie kurasa za kitabu cha getini, na jamaa wa trakingi kasema kesho asubuhi ananipa ripoti.

Barua nimeshaanza, sikumtukana wala kutishia. Nimeandika kwamba kosa la kutoomba siku za nyongeza nalikubali, kuanzia sasa tahadhari zote zitaenda kwa imeli, na nimeambatanisha mchanganuo wa siku 56. Mama Deklaresheni nikikutumia inboksi utanisomea kabla ya Jumatatu?

Mama Deklaresheni

Tuma usiku huu huu. Na usiitaje voisi kwenye barua, subiri kwanza akujibu kwa maandishi kwamba hakuwahi kusema.