Udongo wa juu wa matimbo: utengwe, au uzolewe pamoja na kifusi?

Mkazi wa Njiru: Ndugu zangu, je, mwenye timbo alazimishwe kupima udongo wa juu na kuutenga kabla ya kuchimba, ili urudishwe siku ya kufukia shimo? Jirani na kwetu tingatinga lilizoa vyote pamoja, na leo juu ya shimo lililofukiwa hata nyasi hazishiki.

Fundi Mawe, Juja: Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 tayari inadai dhamana ya fedha ya kulinda mazingira. Tena udongo wa juu wa huku kwetu ni ule mweusi, nao hauna thamani ya kuhifadhiwa. Kila mjenzi wa Nairobi huuchimba na kuutupa kabla ya kuweka msingi.

Mama wa Kitengela: Fundi, hapo umenigusa pabaya, kwa kuwa udongo huo unaoutupa ndio uliosomesha wanangu. Mjenzi anaukataa kwa sababu huvimba ukilowa na ukikauka hupasuka nyufa za kumeza kiganja, lakini mahindi hayaulizi habari za msingi.

Fundi Mawe, Juja: Sikumtukana mtu, mama. René Haller, mtaalamu wa kampuni ya saruji, alipanda miti ya mivinje katika timbo la Bamburi, Mombasa, miaka ya sitini, pasipo udongo wowote, na leo ni msitu.

Mwanafunzi, Kabete: Alianza mwaka 1971, na mivinje peke yake haikutosha: majani makavu yalirundikana bila kuoza hadi alipoleta majongoo, na kinyesi chao ndicho kilichoanzisha mboji. Kwa hiyo Bamburi inaonyesha taabu ya kuumba upya kile ambacho sisi tunakizoa kwa asubuhi moja. Chimba kishimo, utazame rangi inapobadilika na mizizi inapopungua, kisha upeleke sampuli ikapimwe uchachu, chumvi na sodiamu, maana udongo wa chini wenye sodiamu nyingi ukichanganywa na wa juu huuharibu wote. Udongo mweusi usizolewe ukiwa umelowa, kwani hushindiliwa ukawa kama tofali; wala tuta la udongo uliotengwa lisiwe la kwenda juu sana, kwa kuwa ndani hukosa hewa, na kuvu wanaosaidia mizizi hufa.

Mama wa Kitengela: Basi Fundi atujibu kama bado hauna thamani.

Fundi Mawe, Juja: Kwa shamba, nakubali, una thamani. Kwa nyumba sirudi nyuma.

Mkazi wa Njiru: Mimi sasa nahofia tuta lenyewe. Udongo mwekundu huuzwa kwa lori kwa wenye bustani, na huu nao waweza kuibwa ukauzwe. Tuta likikaa miaka kando ya timbo, nani atalilinda usiku?