Naomba ushauri: kuweka usukani wa haidroliki kwenye Massey Ferguson 135

Wadau, habari za kazi. Nina trekta, Massey Ferguson 135 ya usukani wa kawaida, hauna pawa. Nalimia majaruba ya mpunga huku Mbarali. Matairi ya mbele yakizama kwenye tope, kukata kona ni kazi ya mabega yote mawili, na jioni viganja vimevimba hata kijiko nakishika kwa shida.

Nimepata obitrolo (vali ya usukani inayopeleka oili kulia au kushoto) ya mtumba na silinda ya kusukuma pande zote, nataka nifunge mwenyewe nyumbani. Kinachonikwamisha ni pampu. Ile ya kunyanyulia jembe iko ndani, inazungushwa na shafti ya PTO (ile ya kuendeshea mashine za nyuma), kwa hiyo nikikanyaga klachi hadi mwisho inasimama. Nikichukua oili hapo, usukani utakufa katikati ya kona, na njia yetu hupita watoto wa shule. Hilo siwezi kulikubali.

Naona heri pampu ya pembeni, ya mkanda kutoka puli ya injini, yenye tangi lake. Aliyewahi kufunga hivyo: pampu ya gari dogo inatosha, au itazidiwa? Na silinda yenye fimbo upande mmoja, ile tofauti ya mizunguko ya usukani kulia na kushoto inasumbua sana shambani?