Mbizi kwenye meli za Scapa Flow, baridi ile nitaiweza?

Kibua wa Nungwi:
Wakuu habari zenu. Mi mbizi nimejifunzia Zanzibar, nimeshapiga kama 60 hivi, maji nyuzi 27 unajitupia kiwetsuti chako (ile suti ya raba inayoingiza maji) unashuka. Saa hizi niko Uingereza, washkaji wananivuta twende Scapa Flow, kule Orkney juu ya Skotlandi, mwezi wa tano, kuona manowari za Mjerumani. Eti maji ni nyuzi 8 au 9. Nikivaa wetsuti nzito ya milimita 7 inatosha au ndo najitafutia?

Mama Pweza:
Hujitakii mema 😂. Wetsuti ukifika mita 35 inabonyea inabaki kama kanga, na meli nyingi za pale ziko huko huko chini. Utahitaji draisuti, suti isiyoingiza maji kabisa, na sweta la ndani. Sasa draisuti sio nguo tu mdogo wangu, ina hewa ndani, ukiinamisha kichwa hewa inakimbilia miguuni na unapaa kama puto miguu juu. Mi ilinipata nikiwa bado mwanafunzi, kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji, kina mita 6 tu, nikacheka. Kwenye mita 35 usingecheka. Piga mbizi kumi na tano ziwani kwanza ndo uende.

Nahodha Mstaafu:
Naunga mkono. Na regyuleta, kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi, iwe ya maji baridi, zile za kawaida huganda zikaanza kumwaga hewa bila kukoma, mtungi unaisha unaangalia.
Kuhusu meli, baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walizishikilia pale meli za kivita za Mjerumani. Tarehe 21 Juni 1919 kamanda wao Mjerumani, Admirali von Reuter, aliamuru mabaharia wake wafungue valvu wazizamishe wenyewe, kati ya meli 74 zikazama 52, nyingi zikaja kuopolewa kwa ajili ya chuma. Zimebaki saba, manowari kubwa tatu zimepinduka chini juu kwa hiyo mgeni anaona ukuta wa chuma tu. Anza na manowari ndogo Karlsruhe, kina chake hakizidi mita 26. Hiyo ni ya aina iitwayo Königsberg, jina lile lile la manowari ya Mjerumani iliyofia kwetu Rufiji 1915.
Royal Oak, manowari ya Uingereza iliyozama hapo hapo 1939, usiiguse, ni kaburi la watu zaidi ya 800, hairuhusiwi.

Kibua wa Nungwi:
Dah, sawa. Nimewaambia jamaa tusogeze mpaka wa nane. Mama Pweza, hiyo draisuti ya kukodi inapatikana au lazima ninunue?

Mama Pweza:
Kodi kwanza. Ila jaribu raba ya shingoni kabla hujalipa, ya kwangu ilinikaba nusu nizimie nikiwa bado nchi kavu.