TFC juu ya Kimbangu: ensiklopedia hizi mbili zinatosha?

Mwanafunzi wa Katuba
Ba-yaya, jambo. Niko Lubumbashi, naandika TFC (travail de fin de cycle, kazi ya kumaliza masomo) ya teolojia juu ya uponyaji katika Kanisa la Kimbangu, lililotokana na mhubiri Mkongo Simon Kimbangu. Profesa anayeniongoza ameniomba nianzie kwenye ensiklopedia. Maktaba ina Dictionnaire de théologie catholique nzima, na mtandaoni nimeipata Catholic Encyclopedia bure. Zitanitosha?

Yaya wa Maktaba
Hazitoshi, mdogo wangu. Angalia miaka. Catholic Encyclopedia ilitoka kati ya 1907 na 1912, na Kimbangu alianza kuponya watu kule kijijini kwake Nkamba mwaka 1921. Utamtafuta humo bure. Dictionnaire ilikamilika 1950, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, 1962–1965), kwa hiyo mageuzi yake hayamo.

Lakini usiiache! Chukua juzuu ya 5, fungua "Extrême-onction". Mpako wa wagonjwa unafuatwa humo tangu barua ya Yakobo hadi mitaguso. Bila hayo utalinganisha uponyaji wa Nkamba na nini? Kila ukurasa una safu mbili, na namba zinahesabu safu. Kwa hiyo kwenye tanbihi andika namba ya safu. Maprofesa huliangalia sana hilo.

Kwa Kimbangu mwenyewe, tafuta Encyclopedia of Religion iliyosimamiwa na Mircea Eliade (1987), au chapa ya pili ya 2005. Kuna pia Dictionary of African Christian Biography, iko mtandaoni bure. Ukimaliza makala, nakili jina la mwandishi na vitabu alivyovitaja. Hivyo ndivyo utakavyoviomba maktabani. Ensiklopedia peke yake haibebi sura nzima ya TFC.

Na hili naliomba kwa moyo wote: Kimbangu alifia gerezani hapa hapa mjini kwetu, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30 ya kifungo. Mtu anayeandika juu yake akiwa Lubumbashi hawezi kuishia kwenye vitabu vya Paris na New York. Nenda ukawasikilize Wakimbangu wenyewe.

Muumini, Ruashi
Yaya amesema kweli. Mdogo wangu, njoo Jumapili, wazee watakupokea. Ila neno "secte" (kikundi kilichopotoka) utakalolikuta kwenye vitabu vya zamani usilihamishe hivyo hivyo. Kanisa letu lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1969.

Mwanafunzi wa Katuba
Aksanti sana, ba-yaya. Juzuu ya 5 naifungua kesho asubuhi. Mzee wa Ruashi, ibada inaanza saa ngapi?

Muumini, Ruashi
Saa tatu. Njoo na daftari, na uvue viatu mlangoni.