Tupeane uzoefu: shindano la televisheni lililokufanya ushike penseli

Habari zenu wapendwa. Naomba leo tusimuliane: kama kuna shindano la kwenye televisheni lililokuingiza kwenye kuchora, lilikunasa kwa kitu gani, na sasa unachora nini? Naanza mimi.

Langu ni Project Runway, shindano la wabunifu wa mavazi. Marekani lilianza kurushwa Desemba 2004, lakini mimi nililikuta miaka mingi baadaye, marudio, kwa shangazi yangu Tabata. Wabunifu wanapewa kazi, wanapewa kama nusu saa ya kuchora, halafu mbio dukani kununua vitambaa. Wengi hungojea majaji watoe hukumu. Mimi roho yangu ilikuwa kwenye ile nusu saa. Kila mtu kainamia karatasi yake, gauni bado ni mistari minne mitano, lakini tayari unaona bega litaangukaje na kiuno kitakaa wapi.

Msimu wa tano, wa 2008, alikuwemo Korto Momolu, mzaliwa wa Monrovia, Liberia. Alifika fainali, Leanne Marshall akachukua ushindi, ila watazamaji walimchagua Korto kuwa kipenzi chao. Nilimshangilia pale sebuleni kama dada yangu wa tumbo moja. Wiki hiyohiyo nikanunua daftari lisilo na mistari.

Mwanzo watu wangu walikuwa wafupi, nguo haionekani. Baadaye nikajifunza kwamba mchoro wa mitindo una vipimo vyake: binadamu wa kawaida ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, wa kwenye mchoro hupewa tisa. Unapiga mstari wa wima, unaugawa sehemu tisa sawa. Kidevu kinakaa mwisho wa sehemu ya kwanza, kifua ya pili, kiuno ya tatu, nyonga ya nne, magoti ya sita. Urefu unaoongezeka unaingia zaidi miguuni, ndiyo maana sketi inapata nafasi ya kumwagika.

Lakini kilichonikolea hasa ni khanga. Kitenge unaweza kukikata karibu popote. Khanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Ukiikata bila kufikiri, jina linaishia kwapani. Kwa hiyo naichora kwanza kwa kipimo cha moja kwa kumi: khanga ya sentimita 150 kwa 110 inakuwa kikaratasi cha 15 kwa 11. Nachora pindo, naandika jina, natengeneza viwili kwa sababu doti ni mbili, kisha navikata na kuvipanga juu ya mchoro wa gauni. Pindo hili liende mikononi? Lile lizunguke chini? Jina likae mgongoni lisomeke mtu akipita? Jioni nzima inaisha hapo, na sijagusa mkasi.

Karibuni.

MCHANGIAJI, MWANZA
Dada, hapo kwenye khanga umenena. Mimi ni fundi cherehani, na kipindi ni hichohicho. Kilichonivuta ni kazi ya kwanza kabisa ya msimu wa kwanza: washiriki walipelekwa duka la vyakula, wakaambiwa nguo itokane na vya humo dukani. Austin Scarlett akatengeneza gauni kwa maganda ya mahindi, akashinda. Maganda ya mahindi, jamani! Kwetu tunayatupa kila siku. Nikajiambia, kumbe jicho linatangulia kitambaa.

Kuchora nilikuwa sijui. Mteja analeta picha ya simu, nashona, akija anasema sivyo alivyotaka. Kuna mama mmoja aliliacha gauni la harusi ya mwanawe, kitambaa kakinunua kwa pesa nyingi. Iliniuma, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na gauni lake kichwani na hakuna aliyemwonyesha mwenzake. Sasa mteja akikaa, nachora mbele yake, mbele na nyuma. Akisema shingo ishuke, nafuta, nashusha. Tukikubaliana naandika vipimo pembeni ya mchoro huohuo. Usiku nachora ya kwangu tu, ambayo hakuna aliyeagiza, na hiyo ndiyo raha yangu.

MCHANGIAJI, LEICESTER
Miye nguo hapana, nyuso. Hapa Uingereza kuna Portrait Artist of the Year, shindano la kuchora sura za watu, la kituo cha televisheni cha Sky Arts. Wachoraji wanakaa mbele ya mtu aliye hai, wanapewa muda wa saa nne kumaliza sura yake. Mshindi wa 2020 alikuwa Curtis Holder, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, na silaha yake ni penseli za rangi. Mistari inapita juu ya mistari, hafichi hata ile ya mwanzo, na sura inatoka humo. Kazi aliyopewa kwa ushindi ule ilikuwa kumchora Carlos Acosta, mcheza baleti mzaliwa wa Cuba.

Nafanya kazi za zamu, kwa hiyo saa nne sina. Nina simu ya video na mama, yuko Unguja. Akizungumza, namchora. Mwanzo alikuwa akijiweka sawa na kufunga mtandio vizuri, siku hizi ameshazoea, anaendelea kuchambua mchele wake na kuniuliza, "Ushamaliza?" Nina daftari mbili zimejaa uso wake. Mikunjo ya pembeni ya macho sikuwahi kuijua mpaka nilipoichora.

MCHANGIAJI, MOMBASA
Binti yangu wa miaka kumi na mmoja anatazama haya mashindano nami na ameanza kuchora magauni nyuma ya vitabu vya shule. Nimwanzishie wapi?

MLETA MADA
Mnunulie penseli mbili, HB na 2B, na karatasi nyeupe za bei rahisi ili asiogope kuziharibu. Nyuso aziache kwanza. Tundika leso, yaani khanga, kwenye kamba ya nguo asubuhi jua likiwa upande mmoja, mwambie achore mikunjo yake tu, palipo na kivuli na palipo na mwanga. Kisha ishike katikati, ibane kidogo kama kiuno, achore tena.